Hasira ya Mfiwa si Fujo

Siku ya Ijumaa, tarehe 16 Juni 2017, mamia ya wakazi wa magharibi ya jiji la London walikwenda hadi ofisi za Halmashauri ya Kensington na Chelsea, wakaingia ndani na kupaza sauti wakitaka majibu. Siku mbili kabla ya hapo jengo la Grenfell Tower, lenye ghorofa 24, mali ya Halmashauri hiyo hiyo, lilikuwa limeteketea na watu waliokuwamo. Waandamanaji walidai kwamba walionusurika wapewe makazi karibu na kwao, kwamba idadi ya watu waliokuwa wakiishi katika jengo lile itangazwe, na kwamba waliohusika wawajibishwe. Wapo waliolitazama tendo lile kwa mbali wakaliita fujo. Neno hilo halikustahili siku ile, na kila ushahidi uliotolewa katika miaka iliyofuata umezidi kulitia aibu.

Mambo yenyewe ni haya. Saa saba kasoro dakika sita usiku wa kuamkia tarehe 14 Juni, kikosi cha zimamoto kilipigiwa simu kwamba jokofu limeshika moto katika jiko la nyumba moja ya ghorofa ya nne. Moto wa jikoni ni jambo la kawaida katika jiji kubwa, na askari waliofika waliuzima ule wa ndani. Lakini ulikwisha kupenya dirishani na kushika ukuta wa nje. Kutoka hapo haikutimia nusu saa ukawa umefika kileleni, kisha ukalizunguka jengo zima. Wakazi walikuwa wameelekezwa siku zote kwamba moto ukitokea kwa jirani wabaki ndani ya nyumba zao, maana kuta za zege zingewakinga. Agizo hilo halikutenguliwa mpaka saa 8:47 usiku, karibu saa mbili baada ya simu ya kwanza. Wakati huo ngazi, nayo ilikuwa moja tu katika jengo zima, ilikuwa imejaa moshi. Watu 72 walipoteza maisha, na 18 kati yao walikuwa watoto. Wakazi wenye ulemavu walikuwa 37, wakafa 15. Hapakuwapo mpango wowote wa kumsaidia kushuka mtu asiyeweza kushuka mwenyewe.

Waliokuwa wakiishi pale ni watu gani? Wengi wao walikuwa wafanyakazi wa kima cha chini, wazee na wahamiaji. Walikuwamo Waingereza wa asili na watu wenye asili ya Moroko, Eritrea, Ethiopia, Sudan, Syria, Lebanon na nchi nyingine nyingi. Mwezi ulikuwa wa Ramadhani, na baadhi ya Waislamu waliokuwa macho wakingoja daku ndio waliogonga milango ya majirani na kuwaamsha. Nje ya jengo hilo la makabwela ilikuwapo manispaa iliyo miongoni mwa tajiri kuliko zote Uingereza, yenye majumba ya thamani kubwa, na zaidi ya elfu moja kati yake yakiwa matupu, mengine kwa sababu wenyewe waliyanunua kama akiba ya fedha tu. Ndani ya maili chache mtu aliweza kuona nyumba zisizo na watu, na watu wasio na pa kukimbilia.

Wakazi hao hawakunyamaza kungoja ajali. Kwa miaka kadhaa walikuwa wakiandika na kulalamika kwa shirika lililopewa na Halmashauri kazi ya kusimamia nyumba zake: juu ya hitilafu za umeme, juu ya njia ya magari ya zimamoto, juu ya ngazi ile moja, juu ya ukarabati uliofanywa bila kuwasikiliza. Mnamo Novemba 2016, miezi saba kabla ya maafa, chama chao kilitamka hadharani kwamba ni janga la kuua watu tu litakalofichua uzembe wa wasimamizi hao. Waliosema hivyo hawakuwa wahandisi wala wanasheria. Walikuwa wapangaji, na walikuwa wanajua walichokuwa wakikisema. Walichopata ni kuhesabiwa miongoni mwa wasumbufu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini pale Grenfell waliokilalia kitanda walitaja kila kunguni, na wasiokilalia wakakataa kuamini.

Ni kitu gani kilichoufanya moto wa jokofu uwe moto wa jengo zima? Jengo lenyewe lilikamilika mwaka 1974, na zege lake halikuwa na tabia ya kuwaka. Katika ukarabati uliokwisha mwaka 2016 kuta zake za nje zilivikwa povu la kuzuia baridi na mabamba ya aluminiamu yenye moyo wa plastiki aina ya poliethilini, kitu kinachotokana na mafuta ya petroli na kinachowaka kama mafuta. Hapo mwanzo yalikusudiwa mabamba ya zinki. Yaliachwa ili kupunguza gharama, na kiasi kilichookolewa kilikadiriwa kuwa paundi 293,000 hivi. Halmashauri iliyobana fedha hizo ilikuwa na akiba ya mamilioni ya paundi, na mwaka 2014 ilikuwa imewarudishia walipa kodi wake paundi mia moja kila mmoja kwa sababu hesabu zilikuwa nzuri. Huo ndio ubepari katika sura yake ya kila siku. Hauhitaji mtu katili wa kuamuru watu wauawe. Unahitaji tu kwamba kila mezani apatikane mtu wa kupunguza kidogo, na asipatikane wa kuuliza kinachopunguzwa ni usalama wa nani.

Wala haikuwa siri kwamba kuta za namna hiyo ni hatari. Mwaka 1991 moto ulipanda ukuta wa jengo la Knowsley Heights, karibu na Liverpool. Mwaka 1999 ulipanda ukuta wa jengo jingine huko Irvine, Scotland, na mtu mmoja akafa. Kamati ya Bunge ikaonya kwamba haifai kungoja watu wengi wafe ndipo hatua zichukuliwe. Mwaka 2001 vipimo vilivyofanywa kwa ajili ya serikali vilionyesha kwamba mabamba yenye moyo wa poliethilini yanawaka kwa ukali wa kutisha. Matokeo yale yakafungiwa katika majalada. Mwaka 2009 watu sita, watatu kati yao wakiwa watoto, walikufa katika moto wa Lakanal House, kusini mwa London. Mwaka 2013 afisa wa mahakama aliyechunguza vifo hivyo aliitaka serikali iuandike upya mwongozo wa kinga ya moto kwa lugha inayoeleweka. Grenfell ilipowaka mwaka 2017, mwongozo huo ulikuwa bado haujarekebishwa.

Tume ya Uchunguzi iliyoongozwa na jaji mstaafu Sir Martin Moore-Bick ilitoa ripoti yake ya mwisho tarehe 4 Septemba 2024. Ilisema kwamba vifo vyote vile vingaliweza kuzuiwa. Iliyataja makampuni yaliyotengeneza vifaa, Arconic, Celotex na Kingspan, kwamba yaliwapotosha wanunuzi juu ya hatari ya bidhaa zao. Iliwataja wasanifu na wakandarasi ambao kila mmoja alidhani usalama ni kazi ya mwenzake. Na iliitaja serikali yenyewe, ambayo kwa miaka mingi iliona kanuni kuwa ni mzigo kwa wafanya biashara, hata mambo ya uhai wa watu yakapuuzwa, yakacheleweshwa au yakasahauliwa. Mambo yote ya mwongozo wa moto yaliachwa mikononi mwa ofisa mmoja asiye wa ngazi ya juu, bila usimamizi wa kutosha. Ofisa huyo alipohojiwa mbele ya Tume mwaka 2022 alikiri kwamba huenda yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa mahali ambapo kinga yote ilikatikia. Kila mtumishi wa umma aliyewahi kuachiwa jalada zito peke yake, huku wakubwa wake wakimhimiza asiwaletee mambo magumu, atauelewa uzito wa ungamo hilo. Ataelewa pia kwamba ungamo la aliye chini haliwasafishi walio juu.

Kwa hiyo umati ule wa tarehe 16 Juni ulikuwa umebeba nini? Ulikuwa umebeba barua ambazo hazikujibiwa. Mwananchi huanza kwa kuomba. Asiposikilizwa hulalamika, asiposikilizwa tena huonya. Siku onyo lake linapotimia na mwanawe amekufa, hana tena cha kuandika, na sauti yake ndiyo inayobaki. Anayeiogopa sauti hiyo na ajiulize ni mara ngapi aliipokea ikiwa bado ni karatasi, akaiweka kando.

Wazee walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Pale Kensington wa mbali waliingia upesi. Misikiti, makanisa na vituo vya vijana vilifunguliwa usiku ule ule. Watu wasiojuana walipanga nguo, maji na chakula vijiani. Aliyekosekana matangani ni mwenye nyumba. Halmashauri haikuonekana siku zile za mwanzo, na wafiwa walizunguka kutoka hospitali moja hadi nyingine na picha za ndugu zao mikononi. Waziri Mkuu Theresa May alifika siku iliyofuata, akazungumza na wakuu wa zimamoto, akaondoka bila kuonana na walionusurika. Mwaka uliofuata alikiri kwamba alikosea. Kiongozi wa Halmashauri alijiuzulu kabla mwezi haujaisha. Kiongozi ambaye hawezi kuketi na watu wake siku ya msiba amekwisha kuwaambia anavyowahesabu.

Lipo jambo jingine ambalo waliolitaja neno fujo hawana budi kulikabili. Tangu moto ule, kila tarehe 14 ya mwezi, wafiwa na majirani walizoea kutembea mitaani usiku bila kusema neno, wakiwa na alama ya moyo wa rangi ya kijani. Hawakuvunja duka wala kumpiga mtu. Walitembea kimya, na ukimya huo uliwasumbua wakubwa kuliko kelele. Hiyo ndiyo hasira iliyokomaa: haikulala, na haikupoteza nidhamu. Lau watu hao wangalirudi majumbani kama walivyoshauriwa, wangoje taratibu zifuate mkondo wake, ni vigumu kuamini kwamba majalada ya mwaka 2001 yangalifunguliwa mbele ya umma, au kwamba mabamba yanayowaka yangalipigwa marufuku katika majengo mapya marefu ya makazi mwishoni mwa mwaka 2018.

Hata hivyo haki ilikwenda kwa mwendo wa kobe. Ripoti ya mwisho ilitolewa miaka saba baada ya moto. Siku ile Waziri Mkuu Keir Starmer aliomba radhi kwa niaba ya dola, lakini hadi siku hiyo hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeshtakiwa kwa vifo vile. Waliofungwa haraka, kuanzia mwaka 2018, ni watu waliodanganya kwamba walikuwa wakazi wa Grenfell ili wapate fedha za msaada. Walistahili adhabu. Lakini mfiwa ana haki ya kuuliza: kwa nini sheria ilikuwa na miguu myepesi ilipomfuata mwizi wa msaada, ikawa na miguu mizito ilipomfuata aliyeuza bamba la kuwaka?

Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni ya Waingereza. Wananchi wa Dar es Salaam walioona ghorofa likiporomoka katika Mtaa wa Indira Gandhi tarehe 29 Machi 2013, likaua watu 36, na jingine likiporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, hawatasema hivyo. Kila jengo husimama juu ya vitu viwili, msingi wake na saini za waliolikubali. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwaonya viongozi wasiwe na majivuno wala kuwadharau watu, na waliouandika walijua kwamba dharau haikai Ikulu tu. Hukaa pia katika dirisha la kupokelea malalamiko, katika jibu la njoo kesho, katika ripoti ya mkaguzi iliyoandikwa bila mkaguzi kupanda ngazi. Cheo ni dhamana hata kikiwa cha karani.

Mtumishi wa umma asomaye habari za Grenfell na alitazame jalada lililokaa mezani kwake muda mrefu kuliko yote, na ajiulize ni nani anayelala chini ya paa linalotajwa humo. Mwalimu naye, ambaye darasani kwake huketi watoto wa kila aina ya nyumba, na awafundishe kwamba kuuliza kwa adabu ni haki, na kwamba anayeulizwa ana wajibu wa kujibu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ukuta uliojengwa upya haumrudishi aliyekufa chini ya ule wa kwanza, na mfiwa anayelisema hilo kwa sauti kubwa hafanyi fujo. Anatoa ushahidi.