Ncha Ipi Itangulie? Maoni kuhusu Istilahi ya Mpangilio wa Baiti

Msafiri avukaye daraja la Rusumo, wilayani Ngara, kwenda Rwanda hurudisha saa yake nyuma kwa saa moja. Akisahau, kosa lake hugundulika upesi, kwani tofauti ni ileile daima. Kosa la mpangilio wa baiti katika programu ya kusawazisha saa za kompyuta kwa njia ya mtandao si la jamii hiyo, na hoja yetu ni kwamba istilahi ya Kiswahili yapasa kulidhihirisha hilo.

Itifaki ya kazi hiyo, iliyotangazwa na David Mills mwaka 1985, huhesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1900 kwa namba ya baiti nne, baiti yenye thamani kubwa ikitangulia. Kompyuta nyingi za mezani, kinyume chake, huweka iliyo ndogo kwanza. Mtunzi wa programu asipozigeuza, baiti ya mwisho husomwa kana kwamba ni ya kwanza: ikipita sekunde moja tu, kompyuta iliyoko Ngara au Biharamulo huona zimepita sekunde 16,777,216, yaani siku 194 hivi. Dawa yake mara nyingi ni amri moja. Kulitambua ndiko kuliko na kazi. Fundi aliyezoea Rusumo ataongeza saa na kupunguza saa asifike popote.

Istilahi ya Kiingereza ilibuniwa na Danny Cohen mwaka 1980 kutokana na kisa cha Jonathan Swift (1726) cha watu waliogombania ncha ya kupasulia yai. Kuitohoa tuseme "endiani" ni kumpa mwanafunzi wetu mzaha usio na yai.

Ilhali jambo lenyewe limo katika lugha yetu. Tuliazima *ishirini* kutoka Kiarabu, lakini hatukuazima mpangilio: Mwarabu husema moja na ishirini, sisi ishirini na moja, makumi yakitangulia kama yatanguliavyo katika Kirundi na Kinyarwanda, jamaa za Kihangaza cha Ngara. Tarehe, hata hivyo, twaanza na siku, kisha mwezi, kisha mwaka.

Napendekeza basi *kubwa-kwanza* na *ndogo-kwanza*. Nilifikiria pia "mbele", lakini mbele kwa msafiri ni kule asikofika bado. Mwalimu wa Biharamulo ataweza kusema: mtandao hutuma kubwa-kwanza, mashine yako husoma ndogo-kwanza; geuza kabla ya kuhesabu.