Akianza Kubadilika, Msiseme Ni Ulemavu Wake

Kama nyumbani kwenu kuna mtu mwenye sindromu ya Down aliyevuka miaka 35, soma hadi mwisho, kisha umpe ndugu yako naye asome.

Zamani wengi wao walikufa mapema. Hata Marekani, mwaka 1983, wastani wa umri wao wa kuishi ulikuwa kama miaka 25. Leo unakaribia 60. Kwetu nako wapo waliofika 40 na 50, wanaoishi na mama waliokwisha kuvuka 70. Tunamshukuru Mungu. Lakini kuna jambo ambalo wengi wa akina mama hao hawajaambiwa: watoto wao huzeeka mapema.

Wana nakala tatu za kromosomu ya 21 badala ya mbili, na humo ndimo ilimo jeni ya protini inayorundikana kwenye ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer, maradhi yanayokula kumbukumbu na akili. Wakifika 40, karibu wote huwa na mrundikano huo ubongoni, na dalili huonekana zaidi mwanzoni mwa miaka ya 50, kwa wengine mapema kuliko hapo. Mara nyingi hazianzi na kusahau, huanza na tabia. Dada aliyekuwa akifagia uwanja bila kuambiwa sasa anashika ufagio na kuduwaa. Akifika mlangoni, pale saruji inapokutana na vigae, anasita, anainua mguu kana kwamba anaruka mtaro. Anakataa kuoga. Saa nane za usiku yuko sebuleni, kavaa nguo za kwenda kanisani.

Hapo ndipo tunapomuumiza. "Ndivyo alivyo." "Siku hizi kawa mkaidi." "Kachezewa huyu." Anachapwa, anafungiwa chumbani, anapelekwa kwa mganga, anapewa piritoni ili alale. Nawasihi, acheni hiyo piritoni. Dawa za aina hiyo humzidishia kuchanganyikiwa mtu ambaye ubongo wake unazeeka.

Na linaloniuma zaidi ni hili: si kila anayebadilika ana Alzheimer. Tezi ya thairoidi ikizembea, jambo la kawaida sana kwao, mtu huwa mzito, msahaulifu, hana hamu na lolote, na kuna vidonge vya kumrudisha. Mtoto wa jicho humtia hofu ya ngazi. Nta ikiziba masikio ataonekana haelewi anachoambiwa. Anayekoroma na kukatika pumzi usingizini huamka mchovu na mkali. Huenda ni jino. Huenda ni msiba: baba kafariki, yeye kapelekwa kwa jirani siku ya mazishi, na mpaka leo hakuna aliyemweleza baba yuko wapi.

Mpelekeni hospitali. Ombeni kipimo cha damu cha thairoidi, macho na masikio vitazamwe. Mkiambiwa "ni hali yake tu" bila kupimwa, msikubali, tafuteni daktari mwingine. Na akianguka kifafa kwa mara ya kwanza ukubwani, msingoje hata siku moja.

Daktari atauliza alikuwaje kabla. Kwa hiyo leo, angali vizuri, mrekodi video kwa simu: akifunga vifungo vya shati, akichemsha chai, akitaja majina ya wapwa zake. Andika na tarehe, na kila mwaka urudie.

Tena yupo mama. Ndiye anayejua dawa ipi inamdhuru, chakula kipi kinampalia, maneno gani yanamtuliza, na hayo yote yamo kichwani mwake tu. Akipata kiharusi kesho, yamepotea. Itisheni kikao cha familia mwezi huu huu, mama aseme, mtu aandike. Mkubaliane nani atakaa na ndugu yenu, nani atatoa pesa, na fungu lake la urithi litashikwa na nani. Yeye mwenyewe awepo, na kabla ya yeyote kujitolea, aulizwe anataka kuishi na nani.