Joto la selo halichagui mwenye ufunguo

Nimestaafu utumishi wa Magereza. Kwa kuwa sasa hakuna afande wa kunipangia zamu, niseme waziwazi jambo ambalo kazini tulilinong'ona tu: magereza ya mwambao yanawapika watu, walio ndani ya selo na wanaolinda mlango wake.

Asiyeijua selo nimweleze. Dirisha ni dogo, liko juu karibu na dari, na paa ni bati lililoota jua tangu asubuhi. Wafungwa huhesabiwa na kufungiwa alasiri, jua bado kali, hadi kesho yake. Mwili wa mtu aliyetulia hutoa joto la kama wati 100, sawa na balbu zile za zamani. Sasa rundika watu 60 katika chumba cha watu 25. Februari hewa ya Pwani ina unyevu mwingi, jasho halikauki, na jasho lisipokauka halimpozi mtu. Nikipita usiku na tochi niliwakuta vifua wazi, wamelala ubavu, mikeka wameisukuma pembeni ili wapate ubaridi wa sakafu. Mmoja akigeuka, safu nzima inageuka.

Askari naye? Gwanda zito, buti, mkanda, bunduki, na kibanda cha bati juu ya mnara. Lindo haliachwi. Mwenzangu mmoja alianguka huko juu saa nane mchana. Tulimkuta ngozi kavu, inaunguza, anazungumza maneno yasiyoeleweka. Kwenye daftari la zamu ikaandikwa malaria. Zahanati walipopima, malaria haikuwepo. Daftari halikusahihishwa.

Najua nitakachojibiwa: hata uraiani watu hulala bila feni. Ni kweli. Lakini wewe ukizidiwa unatoka barazani, unajimwagia maji, unahamia chini ya mwembe. Mfungwa hana mlango wa kufungua, na hakimu alimhukumu kifungo, hakumhukumu kuchemshwa. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka malazi yazingatie hali ya hewa ya mahali na maji ya kunywa yapatikane kila mfungwa anapoyahitaji. Kila anapoyahitaji maana yake hata saa tisa usiku.

Wala tusidhani ni shida ya maskini tu. Texas, jimbo tajiri la Marekani, wafungwa wasiopungua 10 walikufa kwa joto kiangazi cha 2011. Miaka miwili baadaye idara ya magereza ya huko ikanunua mabanda ya nguruwe yenye mitambo ya kurekebisha joto, kwa takriban dola 750,000. Chama cha askari magereza kilikasirika, kikatangaza kuunga mkono wafungwa waliokwenda mahakamani. Askari upande wa mfungwa! Mimi sikushangaa hata kidogo; wanavuta hewa moja. Machi 2025 Jaji Robert Pitman aliandika kwamba joto la magereza hayo linavunja katiba, ingawa hakuamuru viyoyozi vifungwe mara moja.

Siombi viyoyozi. Naomba mabati yapakwe chokaa nyeupe, kazi ambayo wafungwa wenyewe wataimaliza kwa siku chache. Kila selo iwe na ndoo ya maji ya kunywa yenye mfuniko, mbali na mtondoo, yaani ndoo ya haja. Askari wa mnarani apokezwe mapema wakati wa jua la utosi, na apande na chupa ya maji bila kuonekana mzembe. Vikosi vya shamba vitoke alfajiri na kurudi kabla ya saa tano. Na karandinga lisiegeshwe juani nje ya mahakama likiwa limejaa mahabusu. Lile ni sanduku la chuma, na miti ya kivuli ipo.

Dawa kubwa kuliko zote, hata hivyo, haiko mikononi mwa Magereza. Hakimu anayempa dhamana kijana aliyeshtakiwa kuiba kuku anapunguza joto la selo kuliko feni yoyote.

Kaskazi huanza kuvuma Desemba. Kamishna Jenerali, chokaa inunuliwe kabla ya hapo.