Mmetupangia shule, nauli mmempangia nani?

KILA Desemba ni hadithi ile ile. Wakubwa wanaketi mbele ya kamera, wanatangaza kwamba watoto waliofaulu Darasa la Saba wamepangiwa shule za sekondari, wapambe wanapiga makofi. Kisha Januari inaingia. Binti wa Keko Magurumbasi anasimama kituoni alfajiri, giza bado nene, shati jeupe na begi mgongoni. Daladala ya kwanza inampita. Ya pili inampita. Ya tatu inasimama, konda anapiga mlango kofi: "Wanafunzi wawili tu! Nimesema wawili!"

Yeye ni wa tisa kwenye foleni.

Hivi jamani, huko ndiko kupewa elimu? Serikali imeandika jina la mtoto kwenye karatasi, ikabandika karatasi ukutani, ikanawa mikono. Atafikaje huko, atarudi saa ngapi, atakula nini, hayo ni ya mama yake anayekaanga mihogo.

Wazee watatuambia kwamba kupangiwa shule hakukuanza leo. Ni kweli kabisa. Serikali ilipotaifisha shule mwaka 1969, kijana wa Dar es Salaam aliweza kujikuta Tabora, na wa Tabora akajikuta Azania. Nafasi zilikuwa chache mno, hivyo miaka ya 1970 zikagawanywa kwa mgawo wa mikoa na wilaya ili mtoto wa Lindi naye aonje sekondari. Wapo waliolalamika, hasa kule Kilimanjaro, ambako wazazi waliishia kujenga shule zao wenyewe. Lakini sikilizeni jambo moja. Yule kijana aliyepangiwa Tabora alipewa waranti ya treni. Dola iliyompeleka mbali ilimbeba, ikamlaza bwenini, ikamlisha ugali na maharage yenye wadudu. Maharage yenyewe tuliyalaani, lakini yalikuwepo.

Waranti zilikwisha sera ya kuchangia gharama ilipoingia. Kupanga hakukwisha. Wamebakiza kalamu, wamefuta tiketi.

Hata Wamarekani, ambao hatuwasifu kwa ubaguzi wao, mwaka 1974 jaji mmoja wa mji wa Boston alipoamuru watoto weusi na weupe wapangiwe shule upya ili wasome pamoja, mji ule uliwaka moto. Wazungu walirusha mawe. Lakini waliyarushia nini? Waliyarushia mabasi ya shule. Yaani hata katikati ya fujo ile, aliyempangia mtoto shule ya mbali alimletea basi mlangoni. Sisi hatuna hata basi la kurushiwa mawe.

Sasa tupige hesabu, maana hawa wakubwa wanapenda kutuimbia "elimu bila ada". Kabla ya Januari 2016 ada ya sekondari ya kutwa ya Serikali ilikuwa sh. 20,000 kwa mwaka. Waraka Namba 5 wa 2015 ukaifuta. Vizuri, tunashukuru, hatuna chuki na jambo jema.

Lakini kwa viwango vya LATRA vya mwishoni mwa 2023, nauli ya mwanafunzi ni sh. 200 kwa gari moja. Mtoto wa Keko aliyepangiwa shule inayodai magari mawili kwenda na mawili kurudi anatumia sh. 800 kwa siku. Mwaka wa masomo una siku 194. Zidisha mwenyewe hapo kijiweni: ni sh. 155,200. Wametufutia elfu ishirini, wametuachia laki moja na nusu, halafu wanataka tuandamane kuwapongeza! Hapo hatujagusa daftari, sare, wala mchango wa uji. Nyumba yenye watoto wawili wa sekondari, baba fundi seremala anayelipwa akiuza kochi, asipouza halipwi, hesabu hiyo inaamua nani aende shule Jumatatu na nani Jumanne.

Nitasema neno moja la haki, hata kama halitapendeza baadhi ya wenzangu upande wetu. Shule za kata zilisaidia. Zilipovumishwa mwaka 2006 chini ya Waziri Mkuu wa wakati ule, marehemu Edward Lowassa (yule yule aliyekuja kuwa mgombea wa Ukawa mwaka 2015, siasa haina aibu), wazo la msingi lilikuwa zuri: mtoto asome karibu na kwao. Hakuna mpango wa kupangia watoto shule unaoshinda huo. Kilichouharibu ni haraka ya kisiasa. Kuta zilisimama bila walimu, bila maabara, bila vitabu. Wakaletwa vijana waliopikwa kwa wiki chache, wananchi wakawabatiza "Voda Fasta". Matokeo ya Kidato cha Nne ya 2012 yalipotoka, watoto zaidi ya 240,000 walikuwa wamepata sifuri. Nchi ikapigwa na butwaa, ikaundwa tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Sifuri zikapungua kwenye karatasi. Walimu hawakuongezeka kwenye karatasi hiyo.

Na mtu asituambie kwamba madarasa ni muujiza. Desemba 2019 walitangaza kwamba watoto 759,737 wamefaulu Darasa la Saba, lakini 58,699 kati yao hawana pa kukaa kwa sababu ya uhaba wa madarasa. Wamefaulu, wasubiri! Miaka miwili baadaye, mwaka 2021, ukaja mkopo wa IMF wa sh. trilioni 1.3 wa mambo ya UVIKO, na yakapangwa madarasa 15,000, elfu kumi na mbili kati yake ya sekondari, ili yawe tayari Januari 2022. Miezi michache tu! Wakuu wa wilaya walikesha saiti wakihesabu mifuko ya saruji. Kwa hiyo wanaweza. Wanaweza sana, mradi Mzungu atoe fedha na kuwe na picha ya kupiga.

Sasa ndugu zangu, linalokuja ni kubwa kuliko yote hayo, na Keko tumelala.

Mtaala mpya ulioanza mwaka 2024 unafuta Darasa la Saba. Elimu ya msingi itakuwa miaka sita, na sekondari miaka minne itakuwa ya lazima kwa kila mtoto. Sera hiyo ilizinduliwa kwa mbwembwe Februari 1, 2025. Maana yake ni hii: watoto waliokuwa Darasa la Nne mwaka 2024 watamaliza la saba mwaka 2027. Waliokuwa la tatu mwaka huo huo watamaliza la sita, mwaka huo huo wa 2027. Januari 2028 makundi yote mawili yatagonga mlango mmoja wa Kidato cha Kwanza, siku moja.

Mwaka 2024 peke yake watoto 974,229 walifaulu Darasa la Saba. Hilo ni kundi moja, na bado tunagombania kiti. Yakija mawili?

Dodoma wanasema maandalizi yanafanyika. Sawa. Sisi tunauliza: yanafanyika wapi? Temeke ilihesabiwa watu 1,346,674 katika sensa ya 2022. Keko yetu imebanwa kati ya viwanda vya Barabara ya Nyerere, gereza na Chang'ombe. Nyumba zimepandana mgongo, choo cha huyu ni ukuta wa yule. Kiwanja cha kujenga sekondari mpya unakitoa wapi hapa, labda juu ya paa? Ardhi ya kujenga iko pembezoni, huko Chamazi na Toangoma. Basi huhitaji kupiga ramli kujua watoto wa Keko Machungwa na Keko Mwanga watapangiwa wapi. Na asiyepelekwa mbali ataingizwa zamu ya mchana, atoke darasani jua likizama, msichana wa miaka kumi na mbili, naam, kumi na mbili, maana watakuwa wadogo kwa mwaka mzima kuliko wa leo. Mtoto huyo ndiye atakayekuwa kituoni saa mbili usiku akiomba lifti ya pikipiki.

Mafundi wa Keko wanajua jambo ambalo mabwana wa TAMISEMI hawajajifunza. Mteja akija kutaka kabati, kwanza unakwenda kupima ukuta wake. Ukikata mbao kabla ya kupima, kabati litabaki uani linanyeshewa. Hawa wamekata mbao ya nchi nzima. Kupima, hakuna aliyekuja.

Kwa nini hawana haraka? Kwa sababu watoto wa vigogo hawamo kwenye orodha ile ya Desemba. Wao wana basi la njano linalopiga honi getini, lina mkanda na matroni ndani. Asiyesubiri gari hajui foleni ina urefu gani.

Tunataka nini? Tunataka Halmashauri ya Temeke ibandike hadharani, kwenye ofisi ya kila mtaa na si kwenye mtandao tu: kila shule ya msingi ina watoto wangapi watakaomaliza 2027, kila sekondari ina viti vingapi, na mtoto wa mtaa gani anategemewa kwenda wapi. Ibandikwe mapema, watu waone, wabishe. Shule inayokaribiana na kwetu ijengwe kwenda juu, ghorofa, kama wanavyojenga ofisi zao. Na atakayepangiwa shule ya magari mawili apewe usafiri na yule aliyempangia. Hilo la tatu ndilo watakalolikataa kwanza, kwa hiyo ndilo la kuanza nalo.

Najua kijana mmoja anasoma hapa huku anasema, "Mimi sina mtoto, hayanihusu." Una mdogo wako. Na wewe konda, najua hesabu ya tajiri haipungui kwa sababu umepakia wanafunzi, na kiti cha mtu mzima cha sh. 600 ni wanafunzi watatu. Hasira yako ni halali, lakini unaipeleka kwa mtoto wa miaka kumi na mbili. Aliyekupa mzigo wa kusomesha taifa kwa sh. 200 bila kukufidia hapandi gari lako.

Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024 tuliona ulivyoendeshwa. CCM ikatangaziwa zaidi ya asilimia 98 ya viti. Wenyeviti ni wao. Lakini mkutano wa mtaa ni wa wakazi wote, na Temeke hii ndiyo iliyompa ubunge Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi Oktoba 1996, wakati waliojiona wenye nchi walikuwa wamekwisha kupika pilau la ushindi. Mkutano ujao wa mtaa wako, nenda. Usikae nyuma kwenye kivuli na washikaji. Agenda ya takataka ikimalizika, simama umuulize mwenyekiti swali moja: Januari 2028 mdogo wangu anakaa kiti kipi, na anafika kwa gari la nani?

Akikujibu kwamba hilo ni la Dodoma, mwambie aliandike kwenye muhtasari, na usiondoke kabla hajaliandika.