Zimwi la Frankenstein lilikuwa na baba

Tangu filamu mpya ya Frankenstein ilipoingia Netflix Novemba 2025, swali ambalo wazazi wananiuliza zaidi ni moja: mtoto aiangalie au asiiangalie? Wengine wanauliza wakati mtoto ameshaiona nusu, usiku, kwenye simu ya mama, akiwa amejifunika shuka.

Jibu fupi nalitoa kwanza ili mwenye haraka aendelee na shughuli zake. Kwa mtoto wa shule ya msingi, hapana. Marekani filamu hii imepewa daraja la R, yaani aliye chini ya miaka 17 haingii sinema bila mzazi au mlezi. Kuna maiti zinakatwa kwa msumeno, kuna damu nyingi, kuna watu wanauawa kwa mikono mitupu, na inakwenda karibu saa mbili na nusu.

Jibu refu ni kwamba wewe mzazi uiangalie. Ukimaliza, kama una nafasi, itafute na ile ya zamani ya mwaka 1931. Hadithi ni ileile, lakini kila moja inamtaja mkosaji tofauti, na mkosaji huyo anaihusu nyumba yoyote yenye mtoto.

Tuanze na jina. Ukimuuliza mtu Frankenstein ni nani, atakwambia ni lile jitu lenye kichwa bapa na vyuma shingoni. Kumbe Frankenstein ni jina la aliyeliunda, kijana msomi anayeitwa Victor. Kiumbe mwenyewe hana jina. Kwenye kitabu, Victor anahangaika karibu miaka miwili kuunganisha viungo vya wafu. Siku kiumbe anapofumbua macho, Victor anaona sura imemtisha, anakimbilia chumbani kwake kulala. Anashtuka usiku, kiumbe amesimama pembeni ya kitanda, amenyoosha mkono. Mzazi gani hajawahi kuamka saa nane za usiku na kukuta mtoto amesimama hivyo? Victor anakimbia tena, safari hii mpaka nje ya nyumba.

Yanayofuata kitabuni yana huruma kuliko watu wanavyodhani. Kiumbe anajificha kwenye kibanda kilichoegemea nyumba ya familia maskini. Anajifunza kuongea kwa kuwasikiliza kupitia ufa wa ukuta, anajifunza kusoma, usiku anawakusanyia kuni bila wao kujua ni nani. Siku anapojitokeza, baba wa nyumba ambaye ni kipofu anamkaribisha vizuri. Wenye macho wanaporudi wanampiga. Baadaye anamwokoa msichana anayezama mtoni, na malipo yake ni risasi. Kuua kunaanza baada ya hapo.

Aliyeandika haya ni Mary Shelley wa Uingereza. Alianza mwaka 1816 akiwa na miaka 18, na kitabu kikatoka Januari 1818. Mimi naandika habari za afya, kwa hiyo nikisoma maisha yake siachi kuona kadi ya kliniki. Mama yake, mwandishi Mary Wollstonecraft, alimzaa Agosti 30, 1797. Kondo la nyuma halikutoka lenyewe, daktari akalitoa kwa mkono vipande vipande, wakati ambao waganga hawakujua lolote kuhusu vijidudu. Mama akapata maambukizi na kufariki siku ya 11. Mary alikua akijua kuwa kuzaliwa kwake kulifuatiwa na kifo cha mama yake. Mwaka 1815 naye akajifungua mtoto njiti, akafa ndani ya wiki mbili. Aliandika kwenye shajara yake kwamba aliota mtoto yule amerudi kuwa hai baada ya kusuguliwa mbele ya moto. Mwaka uliofuata akaanza kuandika hadithi ya mtu anayefufua wafu. Watoto wake wengine wawili walimfia Italia, Clara mwaka 1818 na William mwaka 1819, huyu wa pili kwa malaria. Kati ya watoto wanne aliowazaa, mmoja tu ndiye aliyefika utu uzima.

Mwanamke wa namna hiyo alipoandika juu ya mtu anayeleta kiumbe duniani kisha kukikimbia, hakuwa anatafuta kuwatisha wasomaji tu.

Sasa twende mwaka 1931. Studio ya Universal ilitoa filamu ya dakika 70 hivi, iliyoongozwa na James Whale, na kiumbe akachezwa na Boris Karloff. Kichwa bapa na vyuma vya shingoni vinatoka hapo, kitabuni havimo. Kiumbe anayesoma na kuzungumza kama msomi akawa bubu anayenguruma. Hayo ni mambo ya sura na sauti. Badiliko zito ni la ubongo.

Kwenye filamu ile, msaidizi wa mwanasayansi anatumwa kuiba ubongo chuoni. Anakuta mitungi miwili ya kioo, mmoja una ubongo wa mtu wa kawaida na mwingine una ubongo wa mhalifu. Anachukua mzuri, anashtuka, mtungi unamponyoka na kupasuka. Anaondoka na ule mbaya. Tukio la dakika chache, lakini limesafisha mikono ya baba. Kuanzia hapo kiumbe akiua, mtazamaji ana maelezo tayari: ubongo wenyewe ulikuwa wa mhalifu, ungetegemea nini?

Wazo hilo halikutoka hewani. Miaka ile wapo madaktari na wanasiasa wa Marekani walioamini uhalifu na ujinga vinarithiwa kama rangi ya macho. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliruhusu jimbo la Virginia kumfunga uzazi mwanamke kwa madai kwamba ukoo wake una upungufu wa akili. Miaka minne baadaye watu wakakaa sinema wakitazama mitungi miwili ya ubongo, na hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake.

Na sisi tusicheke. Maneno yaleyale nayasikia kwa Kiswahili fasaha kabisa: “Huyu kafuata damu ya kwa baba yake.” “Huyu kichwa chake kibovu toka anazaliwa.” Yanasemwa mbele ya mtoto, tena na watu wanaompenda. Wapo watoto wanaozaliwa na matatizo ya ubongo, kama usonji au mtindio wa ubongo, na hakuna hata moja kati ya hayo linalomfanya mtoto kuwa mwovu. Ni hali zinazohitaji kupimwa, kufanyiwa mazoezi na kupewa uvumilivu. Mtungi wa ubongo mbaya haupo, upo kwenye sinema tu.

Whale mwenyewe, nadhani, hakuuamini sana ule mtungi. Ndani ya filamu hiyohiyo kiumbe anafungwa minyororo na kutishwa kwa mwenge wa moto kabla hajamdhuru yeyote, na mtu mzima ukiangalia unaona wazi ukatili unamtokea wapi. Mwaka 1935 akatengeneza ya pili, Bride of Frankenstein, akamrudishia kiumbe maneno na yule rafiki kipofu. Lakini mtungi ndio uliobaki vichwani mwa watu.

Miaka 63 baada ya ile ya kwanza, mwaka 1994, Kenneth Branagh akaitengeneza tena, Robert De Niro akiwa kiumbe. Kuna jambo pale ambalo sijaona likizungumzwa sana. Kitabuni mama yake Victor anakufa kwa homa ya vipele vyekundu aliyoambukizwa akimuuguza binti waliyemlea. Branagh akabadilisha: mama anafia kwenye uzazi, akimzaa mdogo wake Victor. Guillermo del Toro wa Mexico naye, kwenye filamu ya 2025, amefanya hivyohivyo. Yaani waongozaji wawili, kwa nyakati tofauti, wamechukua kifo cha mama yake Mary Shelley na kukirudisha ndani ya hadithi yake. Kijana anayeapa kuishinda mauti anakuwa mtoto aliyeona damu ya mama yake. Kwa nchi kama zetu, ambako karibu kila ukoo una jina la mama aliyekwenda leba asirudi, hapo filamu haihitaji mkalimani.

Del Toro anakwenda mbali zaidi kwa upande wa baba. Victor wake (Oscar Isaac) analelewa na baba daktari anayemfundisha viungo vya mwili kwa fimbo. Akikosea anachapwa usoni, kwa sababu mikono ya daktari haitakiwi kuumia. Kijana anakua anamchukia baba, halafu anapata “mtoto” wake mwenyewe, kiumbe anayechezwa na Jacob Elordi, na anamlea kwa namna ileile: minyororo, kufokea, kukata tamaa mapema.

Kinachomkatisha tamaa ni hiki: kiumbe anajua neno moja tu, “Victor”. Analirudia siku zote. Victor anaamua kwamba hana akili. Elizabeth (Mia Goth) anashuka kule chini alikofungwa, anakaa naye kwa upole, na neno la pili analolisema kiumbe ni “Elizabeth”. Baadaye kipofu anampa mengine yote.

Nilisimamisha filamu hapo kidogo, kwa sababu hili ni suala la kliniki. Mtoto anayechelewa kuongea mara nyingi anaitwa mjinga au mkaidi kabla hajapimwa chochote. Mtoto wa miaka 2 kwa kawaida huunganisha maneno mawili, “maji taka”, “baba twende”. Kama bado, au kama alikuwa na maneno kisha akayaacha, mpeleke kituo cha afya na uanze kwa kuomba apimwe masikio, maana mtoto asiyesikia vizuri hawezi kuiga asichokisikia. Wakati unasubiri, ongea naye uso kwa uso. Kumfokea hakuongezi neno hata moja.

Kitabuni Victor anakufa melini kwenye barafu ya kaskazini bila kumsamehe kiumbe wala kuomba msamaha. Kiumbe anafika amechelewa na kulia juu ya maiti. Filamu mpya inawakutanisha Victor akiwa bado hai. Baba anaomba radhi, mtoto anasamehe. Kuna watakaosema ni kumlainisha Mary Shelley, na kama mpenzi wa kitabu nakubaliana nao kidogo. Ila nimewahi kuzungumza na watu wazima ambao wazazi wao walikufa bila kusema neno hilo, na sikuweza kuichukia.

Haya, turudi kwa watoto. Mwenye miaka 16 au 17 mnaweza kuiangalia pamoja, na mkimaliza muulize swali moja: hapa ungemfunga nani jela? Acha ajibu bila kumkatiza.

Kwa wadogo, ipo Frankenweenie ya Tim Burton (2012), katuni isiyo na rangi kuhusu mvulana Victor ambaye mbwa wake Sparky anagongwa na gari, naye akamfufua kwa umeme wa radi. Inafaa kuanzia miaka 8 au 9 hivi, hasa mtoto aliyefiwa na ana maswali ambayo watu wazima wanamkwepa. Kaa naye, kwa sababu mwishoni kuna wanyama wa kutisha kidogo. Wanaopenda kucheka wana Hotel Transylvania ya mwaka huohuo, ambamo Dracula ni baba mjane asiyetaka binti yake wa miaka 118 atoke nyumbani. Kina baba fulani watajiona.

Watoto wa chini ya miaka 7 hivi huogopa zaidi sura na sauti, kwa hiyo “ni muvi tu, si kweli” haiwasaidii sana. Mkumbatie, washa taa, kaa mpaka alale. Wakubwa huogopa jambo linaloweza kuwatokea, hao ndio wa kueleweshwa kwa maneno. Ndoto mbaya za usiku mmoja au mbili ni kawaida. Zikiendelea kwa wiki kadhaa, au mtoto aliyeacha kukojoa kitandani akaanza tena, muone daktari.

Na ile tabia ya kumziba macho ikifika sehemu mbaya, ina historia yake. Kwenye filamu ya 1931 kiumbe anacheza na msichana mdogo ziwani, wanatupa maua yaelee, kisha anamrusha na yeye akidhani ataelea kama ua. Wakaguzi wa sehemu mbalimbali wakalikata tukio. Watu wakaona mikono inamfuata mtoto, halafu baba amebeba maiti, wakajaza wenyewe katikati kwa mambo mabaya kuliko yaliyokatwa. Kipande kilirudishwa miaka ya 1980. Mtoto uliyemziba macho naye anasikia mayowe, na picha anajichorea. Bora uzime kabisa.

Netflix ina sehemu ya kuchagua umri kwenye akaunti ya kila mtumiaji na kuweka namba ya siri, inachukua dakika chache. Kwenye flashi iliyojazwa muvi mtaani hakuna kufuli hilo, na wanaotafsiri kwa Kiswahili juu ya picha wana kawaida ya kuongeza utani palipo na damu, mtoto anacheka huku mtu anachinjwa. Uliza kilichomo kabla hujaichomeka kwenye TV.