Operesheni na Kamatakamata: Majina ya Nguvu za Dola Katika Nyanda za Juu za Kigoma

Wachunguzi wa msamiati wa siasa katika Kiswahili wamezoea kuuliza neno fulani limeundwaje, limekopwa wapi, na limesanifiwa lini. Swali lisiloulizwa vya kutosha ni neno hilo linamfanyia kazi nani. Neno operesheni ni mfano ulio wazi. Katika Tanzania lina maana tatu zinazoishi pamoja bila kugombana. Hospitalini ni upasuaji. Jeshini ni shughuli ya kivita, na katika Jeshi la Kujenga Taifa kila mkupuo wa vijana wanaoingia mafunzoni huitwa operesheni na kupewa jina lake. Katika utawala wa raia, operesheni ni hali ambamo dola huamua kulitenda kwa nguvu na kwa siku chache jambo ambalo sheria za kawaida zingelitenda polepole, kwa mtu mmoja mmoja, na kwa kutoa sababu. Maana hii ya tatu ndiyo inayojadiliwa hapa. Hoja inayotetewa ni kwamba wananchi wamekwisha kuijibu kwa maneno waliyoyaunda wenyewe, na kwamba katika maneno hayo mna ukosoaji wa dola uliokomaa kuliko ule unaopatikana katika maandishi mengi ya wasomi.

Pahali pafaapo pa kuanzia ni nyanda za juu za Kigoma, katika nchi ya Waha. Wilayani Kasulu kuna kata iitwayo Rungwe Mpya, na katika wilaya hiyo hiyo kuna kata nyingine iitwayo Asante Nyerere. Majina hayo mawili yanatosha kumfikirisha mwanafunzi wa onomastiki kwa muda mrefu. Hakuna anayepaita pahali papya isipokuwa ana pa kale akilini. Kivumishi hicho ni kumbukumbu ya kuhama, iliyobandikwa juu ya ramani ili isisahaulike. Jina la pili ni shukrani, na shukrani iliyogeuzwa jina la kata huwa ya kudumu hata kwa wale ambao hawakuulizwa kama wanaitoa.

Watu wa huko wana uzoefu mrefu wa kuhamishwa kwa manufaa yao. Katika miaka ya 1930 serikali ya Kiingereza iliwaondoa watu katika maeneo yenye mbung'o na kuwakusanya katika makazi ya pamoja, kwa sababu ya malale. Ugonjwa ulikuwa wa kweli na uliua. Lakini mashamba na makaburi yaliachwa porini, na porini yakabaki. Kizazi kimoja baadaye ikaja Operesheni Kigoma, iliyoanza mwaka 1972, ikiwa miongoni mwa za kwanza katika mlolongo uliokuja kuitwa Operesheni Vijiji. Yafaa ikumbukwe kwamba katika waraka wake wa Oktoba 1968 kuhusu uhuru na maendeleo, Mwalimu Nyerere alikuwa ameshikilia kwamba kijiji cha ujamaa hakiwezi kuanzishwa kwa kulazimisha watu. Novemba 1973 ikatangazwa kuwa kuishi vijijini ni amri, na kwamba kufikia mwisho wa mwaka 1976 kila mwananchi wa mashambani awe amehamia. Kati ya waraka na amri ni miaka mitano tu.

Lugha ya kiserikali ya wakati ule ilikuwa na ustadi wake. Wananchi, ripoti zilisema, walihamasishwa. Kati ya kuhamasishwa na kuhamishwa tofauti ni silabi moja na irabu moja, na katika silabi hiyo ndimo ilimopita hiari ya watu. Vitenzi vyote viwili, aidha, viko katika kauli ya kutendwa, kauli ambayo katika Kiswahili humruhusu msemaji kumwacha mtenda nje ya sentensi. Nani alihamisha? Mgambo, katibu tarafa, dereva wa lori? Sentensi haidai jibu. Wanaosema kwamba jambo hili ni la sarufi tu wangefaa kusoma kumbukumbu za vikao vya wilaya za miaka ile kwa kalamu nyekundu mkononi, wakiweka alama kila pale mtenda anapokosekana.

Mwaka 1997 zamu ilikuwa ya wageni, au ya walioitwa wageni. Wanajeshi waliwakusanya Warundi waliokuwa wakiishi vijijini mkoani Kigoma nje ya kambi na kuwapeleka katika kambi za wakimbizi za Kasulu na Kibondo. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama, nayo haikuwa ya kubuni: vita vya Burundi vilikuwa vikiendelea ng'ambo ya mpaka, na Bujumbura ilikuwa ikiishutumu Tanzania kwa kuwahifadhi waasi. Lakini miongoni mwa waliokusanywa walikuwamo watu waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, na wengine waliofika kabla ya hapo. Walikuwamo waliooa au kuolewa na Watanzania, wenye mashamba, na wenye watoto wasiojua nchi nyingine. Shirika la Human Rights Watch lilikusanya ushahidi wao na kuuchapisha mwaka 1999. Mtu aliyelima kwa miaka ishirini na mitano alipewa muda usiotosha kuvuna.

Hapa isimu ina la kusema moja kwa moja. Kiha na Kirundi ni lugha jirani mno. Guthrie aliziweka katika kundi moja, D60, pamoja na Kinyarwanda, Kihangaza na Kivinza. Katika sehemu nyingi za mpaka huo, sikio la askari aliyetoka Mtwara au Tanga haliwezi kumtenga Mha na Mrundi, na mara nyingi hata sikio la jirani haliwezi. Lafudhi haiwezi kuwa hati ya uraia. Hata hivyo, malalamiko ya watu wa Kigoma kwamba hushukiwa kuwa si Watanzania kwa sababu ya matamshi na majina yao ni ya muda mrefu, na hayajakoma. Penye mpaka usiosikika masikioni, kinachohitajika ni subira ya karani na ya hakimu. Operesheni, kwa tabia yake, haina subira; hukamata kwanza, ikauliza baadaye.

Miaka kumi na sita baadaye neno lile lilirudi likiwa na jina jipya. Septemba 2013, kufuatia amri ya Rais Kikwete ya mwezi Julai kwamba wahamiaji wasio na kibali waondoke, ilianza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Mwezi uliofuata ikaja Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili. Majina haya yanastahili kusomwa kama matini. Kimbunga hakina macho. Hung'oa mwembe na mnazi bila kuuliza nani kaupanda, na baada yake hakuna anayeshtakiwa, kwa kuwa upepo haushtakiki. Jina hilo lilitangulia kusamehe. Tokomeza, kwa upande wake, ni kitenzi elekezi katika hali ya amri. Jina kamili lilikuwa na yambwa, yaani ujangili, lakini vinywani na magazetini yambwa ikadondoka, kikabaki kitenzi peke yake. Tokomeza nini? Tokomeza nani? Wafugaji na wanavijiji waliopigwa na kupoteza mifugo yao walilipata jibu kabla ya wanasarufi.

Katika msamiati wa Kimbunga mlikuwamo pia mhamiaji haramu, istilahi ambayo sasa hutumiwa hata na watangazaji wenye nia njema. Kiswahili cha zamani kilikuwa na tahadhari: mali ya haramu, chakula cha haramu, hata mtoto wa haramu. Kiunganifu kilisimama katikati ya nomino na hukumu, kikionyesha kwamba lawama ni ya tendo lililotangulia. Mhamiaji haramu hana kiunganifu hicho. Uharamu umekuwa sifa ya mwili wake.

Kinyume cha majina haya ya ofisini ni neno ambalo halikutungwa na kamati yoyote: kamatakamata. Ni uradidi wa kitenzi, na uradidi katika Kiswahili hubeba maana ya tendo linalorudiwa bila mpango wala uchaguzi. Anayesema kamatakamata amekwisha kutoa hoja tatu kwa pumzi moja: kwamba watu wanakamatwa, kwamba wanakamatwa ovyo, na kwamba si mara ya kwanza. Bomoabomoa ni ndugu yake wa mjini, neno lililosikika tena Dar es Salaam Desemba 2015 nyumba za Bonde la Msimbazi zilipovunjwa. Ofisi ilisema zoezi. Inashangaza jinsi neno zoezi, lililokuwa la darasani na uwanjani, lilivyopandishwa cheo hadi kuvunja nyumba.

Watetezi wa operesheni wana hoja nzito, nazo hazifai kupuuzwa. Ujambazi wa silaha katika barabara za Kasulu na Kibondo uliwatesa wananchi wenyewe, na wengi wao walishangilia askari walipofika. Tembo walikuwa wakimalizwa. Vijiji vilileta shule na zahanati karibu na watu. Lakini kuwapo kwa tatizo hakuamui namna ya kulitatua. Hata katika maana ya kwanza ya neno, ile ya hospitali, mgonjwa mwenye fahamu huulizwa na kutia sahihi kabla ya kupewa nusukaputi. Operesheni ya kiutawala huanza na nusukaputi.

Upinzani wa kisheria umekuwapo, nao umezaa matunda kuliko inavyodhaniwa. Bunge lilipotunga mwaka 1992 sheria ya kufuta haki za kimila za ardhi zilizopotea wakati wa vijiji, Lohay Akonaay na mwanawe walifungua kesi. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba, na ikabatilisha baadhi ya vifungu. Operesheni Tokomeza ilisimamishwa Novemba 2013 baada ya kelele za Bunge, na Desemba, kamati iliyoongozwa na James Lembeli ilipotoa taarifa yake, mawaziri wanne waliondoka madarakani. Na Murambatsvina ya Zimbabwe ya mwaka 2005, jina la Kishona lenye maana ya kuukataa uchafu, ilipewa jina lake la kweli na Mtanzania: Anna Tibaijuka, mjumbe wa Umoja wa Mataifa, alikadiria kwamba watu 700,000 walipoteza makazi, riziki, au vyote viwili.

Mijini hayo yote yalisomwa kama habari za mbali. Kasulu ni mpakani, ilisemwa, na mpakani mambo huwa hivyo. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, wakazi wa Dar es Salaam waliwekewa amri ya kutotoka nje usiku, wanajeshi wakaonekana barabarani, intaneti ikazimwa, na watu wakauawa. Idadi yao ilibishaniwa, na mwezi uliofuata ikaundwa tume chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Mazoea yaliyolelewa mashambani kwa nusu karne yalikuwa yameijua njia ya kuja mjini. Wala si Afrika pekee. Mwaka huo huo serikali kuu ya Marekani ilipowapeleka maofisa wa uhamiaji Chicago, shughuli hiyo iliitwa Midway Blitz, jina lenye mwangwi wa vita vya ghafla. Wakazi walipuliza filimbi mitaani kuonyana, na Desemba Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikakataa kuruhusu askari wa akiba wapelekwe Illinois wakati kesi ikiendelea. Filimbi ile ni yowe la Uha kwa chombo kingine.

Kwa watunga kamusi kuna kazi ndogo ya kuanzia. Kidahizo operesheni kipewe maana yake ya tatu waziwazi, yenye mtenda na mtendwa, nacho kidahizo kamatakamata kipewe nafasi yake bila kuandikwa kuwa ni lugha ya mitaani. Mfano wa matumizi si shida kuupata. Mzee yeyote wa Rungwe Mpya akiulizwa umri wa mwanawe wa kwanza anaweza kujibu kwamba alizaliwa kabla ya Operesheni, na msikilizaji hatahitaji kuuliza ni ipi.