Kaban Irudi Arusini

Nimehudhuria arusi nyingi hapa Garissa, na nasema bila kuficha: nyimbo za zamani za Kisomali zinapigwa visivyo. Wimbo uliozoea kaban, ile ambayo watu wa Pwani huiita udi, sasa hupigwa kwa kinanda cha umeme na ngoma za mashine. Maneno ni yale yale, lakini mwendo umeharakishwa, na mwimbaji hapati nafasi ya kuivuta sauti.

Balwo, nyimbo fupi za mapenzi alizoanzisha Abdi Sinimo katika miaka ya 1940, ziliimbwa kwa makofi na debe. Kisha Abdullahi Qarshe, mzaliwa wa Moshi, akanunua kaban huko Aden na kuitia katika muziki wa Kisomali.

Huko Ulaya wako wanaopiga nyimbo za mwanzo za saksafoni, ala aliyoisajili Adolphe Sax mjini Paris mwaka 1846, kwa saksafoni za wakati ule ule. Wanajua kwamba ala ikibadilika, wimbo nao hubadilika. Sisi twangoja nini?

Simkatazi kijana kinanda chake. Nyimbo zake na azipige apendavyo. Lakini akiimba za babu, kwanza asikilize kanda. Mwaka 1988, Hargeisa ilipopigwa mabomu, kanda za redio zilifukiwa ardhini zisipotee. Hata hivyo, kanda hutoa sauti, haionyeshi vidole. Vidole wanavyo wazee, na wazee hawatungoji.

Ndugu zangu, arusi ijayo mashine na izimwe kidogo, aitwe mzee na kaban yake, na vijana wakae karibu naye.